Pasi, Kiatu cha Dalali na Akiba Isiyotengwa

MAELEZO YA SHAHIDI: tuhuma ya shambulio, karakana ya sare za shule
Jina: limo kwenye jalada. Jinsia: mwanamke. Umri: miaka 38. Elimu: kidato cha nne. Kazi: fundi cherehani. Makazi: nyumba za nyuma ya stendi kuu.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Mtuhumiwa ni mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 66, aliyelala mahabusu ya kituo hiki tangu jana. Tarehe nazikumbuka kwa sababu huandika shajara kila jioni.

Mnamo tarehe 3 Machi mwaka jana, karakana yetu ya wanawake sita ilikopa benki fedha za kununulia cherehani za umeme. Ofisa mikopo alisema biashara ya nguo ina hatari, kwa hiyo robo ya mkopo ibaki kwao kwenye akaunti iliyofungwa, iwe akiba ya siku ya shida. Mama mkwe, ambaye ni mmoja wa hao sita, alimuuliza, "Yaani nalipia riba hela ambayo sijaishika?" Akajibiwa, "Mama, ndio utaratibu." Tukasaini, tukawa tunalipa kila mwezi.

Mnamo tarehe 9 mwezi uliopita benki ilifunga milango. Tarehe 12 wateja tuliitwa ukumbini. Mkaguzi kutoka Benki Kuu alitueleza kwamba benki yetu iliikopesha serikali ya nchi jirani, iliyozama kwenye madeni, na sasa serikali hiyo imeacha kulipa. Kwa mkopo wa hatari namna hiyo, benki hutakiwa kutenga akiba ya arobaini katika kila mia. Yetu haikutenga hata senti. Riba ilipofika, waliikopesha nchi ile tena ili ilipe riba hiyo, kisha wakaandika kwamba mkopo ni mzima.

Nilisimama nikamuuliza meneja kwa nini. Alisema, "Dada yangu, nchi haiwezi kufunga duka ikahama usiku." Kuna watu walicheka. Mimi sikucheka. Mafundi sita wanaojulikana hadi milango yao waliambiwa wana hatari, waache robo. Nchi inayodaiwa kila kona ikaaminiwa kwa mdomo mtupu. Na robo yetu ilikwenda hukohuko.

Shule tunazozishonea zilikuwa na fedha zao benki hiyohiyo, hivyo hazikutulipa, nasi tukakosa rejesho la mwezi. Niliomba benki ikate deni kwenye akiba yetu. Nikajibiwa kwamba akaunti zote zimesimamishwa. Deni letu halikusimamishwa.

Jana tarehe 14, saa nne asubuhi, dalali aliyetumwa na benki kukamata mali aliingia karakanani na wapagazi wawili. Mama mkwe alikuwa anapiga pasi kola za mashati.

Dalali alisema, "Bi mkubwa, sogea kidogo, tunabeba cherehani."

Mama mkwe akamwambia, "Baba, ile siku ya shida tuliyoambiwa ndiyo hii. Kachukue robo yetu."

"Hayo kamuulize meneja. Mimi nimetumwa vinavyobebeka."

"Basi nibebe na mimi, nina kilo arobaini na nane tu." Wapagazi walicheka. Dalali alishika cherehani ya kwanza. Mama mkwe akasema, "Pasi hii ina moto, na mimi nina uchungu. Usitujaribu wote wawili."

Afande ameniuliza kama hicho ni kitisho. Aliyasema, sikatai. Lakini hakurusha pasi. Dalali alivuta cherehani kinyumenyume, mguu ukanasa kwenye waya wa pasi, pasi ikamwangukia kiatuni. Kiatu kiliungua ncha. Mguu ulikuwa mzima, maana alikimbia nao hadi barabarani kuita askari. Mama mkwe alizima swichi kwanza, akakunja shati alilokuwa akilipiga pasi, ndipo akafuatana na askari.

Naambiwa atatoka kwa dhamana. Nimeuliza dhamana ya nini tena, wakati ile robo tuliyoweka dhamana benki imeliwa? Leo asubuhi nikija hapa nilimpita meneja anaoshewa gari. Yeye hajaombwa dhamana na mtu. Kiatu kimoja kimefunguliwa jalada siku hiyohiyo. Akiba ya mji mzima haina jalada hadi leo.

Hayo niliyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimeyasoma mwenyewe, na sitapunguza neno.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya ofisa aliyeandika: Nilimshauri shahidi aondoe habari za benki kwa kuwa hazihusu kiatu. Alikataa, akasema bila hizo kiatu hakieleweki. Zimebaki. Nakala imepelekwa dawati la makosa ya fedha. Mtuhumiwa ameachiwa kwa dhamana yake mwenyewe. Nimekagua eneo la tukio. Waya wa pasi unapita chini ya cherehani zote sita, kwa hiyo zote ni vielelezo, na hakuna anayeruhusiwa kuziondoa karakanani hadi shauri litakapoamuliwa. Ziendelee kutumika, zisije zikashika kutu.