Miguu Yako Uwanjani

Dada Nafula,

Huku Kitale tuko. Mahindi yamefika magotini, mvua inakuja ikijisikia, na mimi nimeongeza tumbo, jambo ambalo ungelitaja hata kabla ya kunisalimia. Lakini naandika kuhusu Nekesa wako.

Tangu tukuzike nyumbani kule Kibabii, anakaa kwangu na kusoma shule ya kutwa hapa mjini. Anakula vizuri. Anaosha vyombo bila kuambiwa, na hapo sijui amemfuata nani. Ila muhula huu mwalimu wake wa voliboli alinipigia simu: msichana anayeruka kuliko wote amekataa kucheza. Anakuja mazoezini na sketi inayofagia nyasi, anakaa pembeni. Akiambiwa avae kaptula, anasema goti linauma.

Nikajua ni aibu tu. Si unajua mashavu ya miguu aliyorithi kwako, manene, magumu, kama ya mtu anayeendesha baiskeli kupanda Mlima Elgon kila asubuhi. Mimi wazazi walinipa vijiti. Basi nikajipanga kumfundisha, mimi ambaye mchezo wangu wa mwisho ulikuwa kufukuza kuku.

Jumamosi nikamwita uani. Nikamweleza kwamba paja linaanza kazi ya kuruka, lakini shavu la mguu ndilo linaloinua kisigino na kuisukuma ardhi mwisho kabisa, pale mwili unapoachana nayo. Kama haamini, tusimame kwa visigino, vidole juu, turuke. Yeye aliinuka kidogo tu, kama mtu aliyeshtuliwa na chura. Mimi nilikaa. Kwenye matope, Dada, na suruali ya kanisani.

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Halafu nikaharibu: nikamwambia asione haya, miguu yenyewe ni mizuri.

"Khocha, si haya," akasema. Bado ananiita mjomba kwa Kibukusu, vile ulimzoesha. "Nikivaa kaptula, watu wanamlilia mama."

Hapo nikaelewa. Matanga yote, kila mama aliyeingia alimtazama miguu, akasema Nafula huyu hapa anatembea, akaangua kilio. Hata mimi nikimwona akipita nilikuwa naenda jikoni kutafuta chumvi. Mtoto alikuwa anajifunika kwa ajili yetu.

Nikamwomba avae kaptula hapa nyumbani, angalau mtu mmoja azoee. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Baadaye nikawa naona tu msichana anayefagia, tena anafagia vibaya.

Mechi ikaangukia Bungoma, mbele ya ukoo mzima. Kabla ya kuingia uwanjani alinisogelea. "Wengine walie," akasema. "Wewe usilie."

Alipovua sketi, shangazi yetu Rispa akashika kichwa. "Uwi, Nafula wangu." Wengine wakamfuata. Nekesa akageuka, akanitafuta kwa macho. Nikatafuna njugu. Nilitafuna mpaka taya likauma, nikimwangalia yeye tu. Akaugeukia wavu.

Mpira ukainuliwa. Akapiga hatua, akachuchumaa kidogo, visigino vikatoka chini, na kichwa chake kikawa sawa na wavu. Akaupiga mpira ukazama kule upande wa pili. Shangazi Rispa akakatiza kilio katikati, akamuuliza jirani, "Hiyo ni pointi yetu ama ya hao?"

Kina Nekesa walishindwa seti ya mwisho. Nekesa ananiambia mpokeaji wao ni mzembe, na kwamba mazoezi ni Jumatatu.

Basi pumzika, Dada. Nakuahidi kila mechi nitakuwepo, mdomo umejaa njugu. Kulia nitakuja kulia hapo kwako Kibabii, siku za shule, yeye akiwa darasani.

Mdogo wako,
Simiyu