Mfungo wa Mghoi Haukuwa wa Maombi

Hopkins, Minnesota

Kwa dada yangu mpendwa Wakesho,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama jikoni utaunguza kitu. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilikufikia, au ilikwama kwa watoto mjini? Na mvua je, imewafikia huko Wundanyi, au bado mnatazama mawingu tu? Sisi ni wazima kwa jumla. Nasema kwa jumla kwa sababu kuna jambo, na jambo hilo ndilo limenikalisha chini na kalamu, mimi ambaye tangu niache shule darasa la sita kalamu naishika kutia sahihi tu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, wewe simu huiweka sauti kubwa juu ya meza, na nyumba nzima inaitikia. Jambo hili si la nyumba nzima. Barua nitampa mtu anayesafiri kesho kutwa, na mwanangu Mghoi atafuata chuo kikifunga. Isome kabla mtoto hajafika.

Uliniambia kina mama wa kanisa la nyumbani wamempangia Mghoi aongoze mfungo wa wasichana akija likizo, awafundishe vile binti wa Amerika ameweza kuishinda njaa. Ujumbe wako ulinikuta kazini, kwenye ile nyumba ya wazee, nikimlisha bibi mmoja uji. Nilikisahau kijiko hewani mpaka yule bibi akaninyang'anya akajilisha mwenyewe. Dada yangu, nakuomba, zuia jambo hilo. Sababu nitakueleza, na aibu yake ni yangu, kwa maana zile sifa nilizitangaza mimi.

Mghoi alianza kwenda jimu kuinua vyuma na wasichana wenzake wa chuo. Mimi sikuona ubaya, nikasema afadhali jimu kuliko kulala na simu usoni. Baadaye akanionyesha picha za wanawake waliosimama mbele ya kioo, fulana wameipandisha, tumbo limegawanyika vipande vipande kama mkate wa kukatwa. Akaniambia, "Mama, mimi nataka hivi." Nikamwambia, "Hata punda wa kubeba maji ana misuli, na hakuna aliyewahi kumpiga picha." Alicheka. Siku zile alikuwa bado anacheka.

Akaacha ugali. Akaacha chapati, akaacha chai ya maziwa, akasema sukari ni adui. Akawa anachemsha kifua cha kuku bila chumvi ya maana, na mboga za kijani, na mayai anakula meupe tu, kiini anamwaga. Mimi siwezi kuona kiini kinamwagwa. Nikawa navikusanya na kujikaangia, kwa hivyo yeye akikonda, mimi nikawa nanenepa kwa niaba yake. Nikimwambia baba yake kwa simu, yeye yuko barabarani na lori lake wiki nzima, ananijibu, "Mpikie pilau, atarudi mwenyewe." Pilau nikapika. Ilikaa mpaka nikaila peke yangu siku tatu.

Basi ukafika mfungo wa kanisa. Unajua sisi Wakenya huku huabudu Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa kukodi kule Plymouth, Wazungu wakishamaliza ibada yao. Mchungaji akatangaza mfungo, tule jioni tu. Vijana wengi walikimbia. Mghoi akasema yeye atafunga wote. Dada, moyo wangu uliruka! Nikajiambia, kumbe mtoto alikuwa anatayarishwa. Jumapili iliyofuata nikasimama mbele za watu nikatoa ushuhuda. Nikasema binti yangu, katika nchi hii ya vyakula, ameuweka mwili chini ya miguu yake. Watu wakapiga makofi. Mama Pendo, kiongozi wa kina mama, akaja akanikumbatia akasema, "Umezaa, Mama Mghoi. Wengine tumejifungua tu." Nami nikakupigia wewe nikakusimulia, na wewe ukawasimulia wote. Mghoi akapewa kuongoza maombi ya vijana.

Mfungo ukaisha. Tukapika, tukala pale ukumbini, na yeye akakaa na chupa ya maji. Nikamuuliza, akaniambia, "Bado nina mfungo wangu binafsi." Mama gani wa Kikristo atamwambia mtoto aache kufunga? Nikanyamaza. Hapana, sikunyamaza, nilijivuna. Kila aliyeuliza nilimwambia, "Mghoi bado yuko kwenye maombi."

Lakini macho ya mama hayafungi. Nilimwona anavaa sweta mbili ndani ya nyumba, na hita imewashwa. Nikawa natoa nywele zake kwenye tundu la bafu, mafungu. Akipanda ngazi anashika ukuta. Halafu zile pedi. Mimi ndiye ninayenunua, za nyumba nzima, na pakiti yake ikawa haipungui. Mwezi wa kwanza nikadhani amejinunulia. Mwezi wa pili nikaihesabu. Mwezi wa tatu, dada, niliketi sakafuni palepale mbele ya kabati. Unajua nilifikiri nini. Hata wewe umefikiri hivyo sasa hivi.

Nilimngoja arudi kutoka chuoni. Sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Nani wapi?"

"Usinichezee, Mghoi. Ni nani? Anasali wapi? Ana wazazi?"

Alinitazama, halafu akaelewa. Akacheka kicheko kibaya, kikavu. Akashika sweta zote mbili na fulana akazipandisha mpaka kifuani. "Mama," akasema kwa Kiingereza chake, nami nakuandikia kwa maneno yetu, "mimba hapa ingekaa wapi?"

Dada, vile vipande vilikuwepo. Vyote, kama kwenye picha. Na juu yake mbavu, moja moja, ungeweza kuziita kwa majina. Mimi naogesha wazee kila siku, nimeona miili iliyokataa kula kwa sababu inaaga. Wa mwanangu ulikuwa unafanana nayo.

Nikasema, "Na maombi je?"

"Hakukuwa na maombi. Ule mfungo ulinisaidia tu, hakuna mtu aliyeniuliza kwa nini sili." Halafu akaongeza. "Nilitaka kuacha, Mama, nikishavipata. Nikavipata. Lakini kila Jumapili mnanipigia makofi. Sasa ningeanzaje kula mbele yenu?"

Nilitaka kumchapa, nilitaka kumbeba. Nilimfunika tumbo tu, nikamvuta kwangu, na mifupa ya mabega ikanichoma.

Tulienda kliniki. Wakamtoa damu, wakampima, halafu tukakalishwa na mama mmoja mtaalamu wa chakula. Kiingereza chao nakielewa, kukijibu ndiyo kazi, kwa hivyo nilisikiliza kwa mwili mzima. Alisema misuli hiyo kila mwanamke anayo, hata mimi na wewe, ila imefunikwa na mafuta kidogo, na mwili wa mwanamke huyashikilia mafuta hayo kwa ajili ya uzazi. Wako wanaoonyesha misuli huku wanakula wakashiba. Wako ambao hata wakiwa na nguvu za kuinua gunia haionekani, ni maumbile, kama pua. Akasema Mghoi ameukaba mwili mpaka mwili ukazima siku zake ili ubaki hai, na hali hiyo ikiendelea, mifupa italiwa kutoka ndani, angali binti.

Mghoi, na machozi yake, bado akauliza, "Na nikiwa bado nataka misuli ionekane?" Nilitaka kumfinya. Yule mama hakukasirika. Akamwambia, "Anayeitaka kwa usalama hula. Anakula protini kila mlo, samaki, kuku, maharagwe, yai pamoja na kiini chake. Anakula wanga, kwa sababu bila wanga hutanyanyua kitu na misuli haitajengeka. Anakula mafuta kiasi, analala, anaenda polepole. Na siku zake zikibadilika, anasimama. Wewe umeshapita hapo. Kwanza damu irudi. Mengine tutazungumza baadaye, na labda utakuwa hutaki tena."

Mimi nikaona niulize langu. Nikamwambia Mghoi amtafsirie: nikimwekea siagi kwenye mboga kisirisiri, si atanenepa bila kujua? Yule mama akatikisa kichwa haraka. Akasema nikimdanganya mara moja tu, hatakula tena chakula cha mkono wangu. Nisimhesabie matonge. Nisimsifu akila, nisimlaumu akiacha. Nikae naye mezani tuongee mengine. Dada, hujui ilivyo ngumu kuongea mengine mbele ya sahani ya mtoto.

Kulibaki kanisa. Mghoi aliniambia, "Wewe ndiye uliyewaambia, wewe ndiye uwaambie." Jumapili ile nilisimama palepale nilipotolea ushuhuda. Mwili wa mtoto sikuutaja, nilisema tu kwamba ushuhuda wangu haukuwa kweli, kwamba binti yangu alikuwa mgonjwa na mimi nikamshangilia, na naomba asipewe tena sifa ya kufunga. Mama Pendo akasema kwa sauti, "Kwa hivyo shetani aliingilia mfungo wetu?" Nikamjibu, "Hakuna shetani, Mama Pendo. Ni njaa." Nikakaa. Wako ambao hawajanisalimu tangu siku hiyo, na maombi ya vijana amepewa mwingine. Mghoi alikuwa nyuma kabisa. Tulipofika kwenye gari aliniomba funguo akaendesha yeye mpaka nyumbani. Lakini jioni alijipakulia maharagwe na wali bila kuupima kwenye mizani yake ya chakula. Hakumaliza. Nilitazama ukuta.

Sasa hapo ndipo tulipo. Siku zake bado hazijarudi. Daktari amemruhusu asafiri, kwa sharti ale mara tatu na asifunge kwa jina la yeyote. Nilifikiri kuifuta safari, akanisihi, akasema anataka kukaa mahali ambapo hakuna kioo ukutani. Nikakukumbuka wewe, na nikaogopa, kwa sababu salamu yako, dada, huanzia mwilini mwa mtu. Umenenepa, umekonda, ngozi imeng'aa, Amerika imekukubali. Ni upendo, najua, ndivyo tulivyolelewa. Lakini huyu mtoto neno lolote la mwili wake atalala nalo.

Kwa hivyo naomba. Nenda kwa kina mama, uwaambie Mghoi hataongoza mfungo. Wakikasirika, nilaumu mimi, wakati wa Krismasi nitakuja wanikasirikie ana kwa ana. Akishuka pale kituoni, usipige kelele kwamba amekonda, wala usimwambie amependeza. Mwite jina lake, mshike mkono, mpeleke nyumbani. Usimwekee sahani ya mgeni iliyojaa mlima. Pika kimanga chako cha mihogo na maharagwe kama siku zote, weka sufuria katikati, kila mtu ajipakulie. Akichukua kidogo, mwache achukue kidogo. Na akirudi kwenye sufuria, nakuomba kwa jina la mama yetu, usipige vigelegele. Endelea kusimulia habari za mbuzi.

Msalimie shemeji, mwambie miwani yake iko kwenye mzigo wa Mghoi. Msalimie shangazi mgonjwa, na mjomba fundi cherehani, na yule mkwe wako mpya ambaye bado sijamwona uso. Watoto wote wabusu kwa niaba yangu. Ukishamaliza kusoma, karatasi hii itie motoni, mtoto asiikute.

Nimekukabidhi mwanangu. Mungu akuzibe mdomo na akufungue mikono.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mkawasi, Mama Mghoi