Toa Mbili na Nusu

Alhamisi, Voi. Jua kali, upepo unaleta vumbi mpaka kwenye cherehani, na mimi nina hasira. Najikasirikia mwenyewe.

Wakesho anaolewa Jumamosi huko Mwanda. Leo asubuhi alikuja dukani kujaribu gauni lake. Zipu ikapanda, ikafika kiunoni, ikagoma. Akavuta pumzi, nikavuta zipu, wapi!

"Nimenenepa, anti," akasema, machozi yakimlenga.

Nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu papo hapo nilirudia hesabu kichwani na kuona nilipoharibu. Mwezi uliopita, gauni likiwa limeshashonwa, alikonda kwa mawazo ya harusi, nikampima: kiunoni toa inchi mbili na nusu. Kabla sijagusa gauni, mama yake akamlisha, Wakesho akarudi, nikampima tena: ongeza moja na robo. Nikapiga hesabu kichwani, pini mdomoni, kwa maringo yangu yale yale. Toa mbili, ongeza moja, inabaki toa moja. Nusu na robo ni robo tatu. Basi, toa moja na robo tatu. Nikashona.

Loo, mjinga mimi!

Nikisema toa mbili na nusu, ile "toa" inashika mbili pamoja na nusu yake. Nusu ilikuwa ya kutolewa, robo ya kuongezwa, na mimi nikazijumlisha kana kwamba ni ndugu. Nilipaswa kupunguza moja na robo tu. Gauni linambana kwa nusu inchi, na nusu inchi kiunoni si mchezo.

"Basi sitakula mpaka Jumamosi," akasema, akijifuta macho.

Hapo nikashindwa. "Kula, mwanangu. Hujanenepa. Ni mimi nimekosea hesabu."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Na vile unavyojisifu, anti!"

Akaagiza viazi karai kwa mama jirani, akavimaliza vyote, nikampima upya akiwa ameshiba. Kitambaa kilichozidi ndani ya mshono sikukikata, kwa hivyo kesho nafumua pembeni na kuachia ile nusu inchi. Safari hii naandika kwa chaki mezani, pini zikiwa kwenye kibati chake.

Gauni litamkaa, hilo halinitishi. Ninachojiuliza ni kimoja: asingetaja kutokula, ningesema kweli?

Maana maneno yalikuwa yameshafika mdomoni: "Eeh, umenenepa kidogo."