Matanga Bila Sinia

Al Khuwair, Maskati
14 Novemba 1999

Kaka yangu Suud,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu na watoto, na kwamba lile goti lako limepoa. Mimi kwa mwili sijambo, alhamdulillah. Joto limeondoka, madirisha nimeyafungua, na kutoka huku ghorofani nasikia magari ya barabara kuu yakiwapeleka watu wizarani. Ndiyo sauti ninayoisikia zaidi siku hizi.

Najua Marhoon ameshakupigia simu. Binamu yetu huyo hakawii. Najua pia aliyokwambia: kwamba mama tumemzika kama mtu asiye na jamaa, na kwamba mimi kwa ubishi wangu nimeiaibisha familia mbele ya Maskati nzima. Wewe huko nyumbani Unguja hukuweza kuja, karatasi za safari hazikuwahi, basi una haki ya kuyasikia kutoka kwangu.

Kazi yangu unaijua. Miaka yote hii katika gazeti letu la Kiingereza nimeshikilia ukurasa wa habari za mitaa, ule ambao wakubwa wa chumba cha habari wanauona wa kuchezea. Taa za barabarani zilizozimika, shule isiyo na maji, soko la samaki la Sib. Mimi nauona ndio gazeti lenyewe. Kurasa za mbele zinamwambia msomaji nani amempokea nani uwanja wa ndege. Wangu unamwambia kwa nini taka za mtaani kwake hazijazolewa. Nimegombana na wahariri watatu kwa hilo, na huyu wa sasa, Yazan, ajiandae.

Mwezi wa nane niliandika kuhusu matanga. Zakiya, mtu wetu wa Unguja anayekaa Sib, alifiwa na mumewe, na kaburi halijakauka akauza gari ili watu wale wali na mbuzi siku tatu. Nikaandika kuwa huo si ukarimu, ni unyang'anyi unaoanza kwa kunawa mikono. Nikaandika kuwa majirani ndio wanaotakiwa kumpelekea mfiwa chakula, si mfiwa awapikie majirani. Nikasema mjane huyo alipika kwa kuogopa midomo ya watu. Jina sikulitaja, lakini nani asiyejua? Simu za kunitukana zilifika mpaka mezani kwa Yazan. Alicheka, akasema gazeti limeuzwa.

Mwezi uliopita mama akafa. Ulitaka nifanye nini? Niweke masinia baada ya kuyaandika yale? Siku ya kwanza wanawake walijaa mpaka ngazini, wakakuta tende, kahawa na maji. Nunu, mtoto wa mama mdogo, aliangaza kushoto na kulia, akauliza kwa sauti ya kunifikia jikoni kama leo tutalishwa magazeti. Bibi mmoja akamjibu asiwe na pupa, khabari motomoto bado ziko jikoni. Watu wakacheka, matangani! Mimi nikaendelea kuwamiminia kahawa. Siku ya pili walikuja wachache, wakakaa upandeupande, wakaondoka kabla ya adhuhuri. Na hakuna aliyeniletea hata bakuli la uji. Sehemu hiyo ya makala yangu hawakuisoma.

Wiki iliyopita Yazan aliniita ofisini. Barua za wasomaji zimemfikia, nyingi za vijana, zikimsifu mwanamke anayeishi yale anayoyaandika. Akanitaka niandike makala ya pili, nieleze nilivyomaliza matanga ya mama yangu bila sinia hata moja. Alisema nisione haya, nimeshinda.

Kaka, sikushinda. Siku ya tatu nilipika.

Nilitoka asubuhi nikanunua mbuzi mzima, nikaazima masufuria, nikapika pilau ya kwetu mpaka harufu ikashuka ngazi zote. Nikatandika sebuleni, nikakaa na buibui langu kumsubiri yeyote, hata Nunu, hata aje anicheke. Hakuja mtu. Walishaamua kuwa matanga yamekwisha. Nilikula tonge moja, nikafunika chakula. Magharibi nikapakia kila kitu garini, nikawapelekea vibarua wanaojenga nyuma ya msikiti, huku nikiomba asinione mtu ninayemjua.

Ningeweza kunyamaza, nikachukua sifa. Lakini nimewachapa watu wengi mno kwa unyamavu wa namna hiyo. Nimeyaandika yote, yatatoka Alkhamisi. Hoja yangu sikuiombea radhi: chakula cha matanga bado nasema ni mzigo juu ya mfiwa. Ila nimeeleza kuwa sikupika kwa ada wala kwa kuogopa midomo. Nilipika nikitafuta watu. Na Zakiya nilimwandika kuwa aliogopa midomo. Sikuwahi kumuuliza. Mwandishi wa habari mzima, mwenye nywele nyeupe, sikuuliza!

Juzi nilikwenda Sib. Alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nilimuuliza kwa nini alipika. Alisema anachotaka ni mumewe asitiwe tena gazetini, hata kwa mafumbo. Nikamwahidi. Kwa hiyo makala yana pengo pale anapostahili kuwapo, na Yazan amelalamika kuwa hayasomeki vizuri. Pia anahofia wale wasomaji wa sifa watanikimbia. Nimemwambia waende.

Kwa Yazan nnaweza kusema hivyo. Kwako wewe siwezi. Chumba cha mama bado sijakifungua, na tangu siku ile ya tatu hajapanda ngazi hizi mtu ila wa kusoma mita ya umeme. Usinitetee kwa Marhoon. Mwambie tu, naye awaambie kina Nunu, kuwa anayetaka kunisuta kwa haya ya gazetini aje anisutie nyumbani. Ijumaa baada ya sala nipo, kila Ijumaa, na mlango sitoufunga.

Nisalimie wifi, watoto, na wa mtaani wanaonikumbuka. Mama tumwombee sote wawili, wewe huko na mimi huku.

Mdogo wako, asiyeacha ubishi,
Mahfoudha