Udongo wa Shamba Langu

Kasansa, Jumapili, Machi 1996

Na mimi ndiye niliyesimama juzi mkutanoni nikasema ng'ombe wa Wasukuma ndio wanaotuchafulia mto!

Leo ng'ombe hawakushuka mtoni kabisa. Mvua ilinyesha, nikaona kwa macho yangu udongo mwekundu ukitoka shambani kwangu, pale nilipofyeka matete nikalima mpaka ukingoni. Mchanga ulizama palepale. Ule udongo laini kama unga ukaenda na maji hadi tunapochota.

Mama Kulwa, jirani yangu Msukuma, alikuwa hapo na ndoo ya maji mekundu. Mwanawe anaharisha.

"Dada, mvua hii imetuharibia maji," akasema.

Nikamjibu, "Kweli, mvua."

Nimeshindwa hata kula. Mtoto yule akizidiwa...

Nilipomjibu vile, jembe lenye udongo uleule mwekundu lilikuwa bado mkononi mwangu, na Mama Kulwa aliliona.