Kifurushi Alichokitaka Mama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka katikati ya maji, mahali ambapo ukitoka nje huoni jirani wala mti. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi, na yule Bonge wenu. Je, meno yameshamaliza kuota, au bado anawauma vidole? Sisi huku miili yetu haijambo. Kichefuchefu kilichonilaza kitandani mwanzoni kimeniisha, na Mama hakikumgusa kabisa. Anatembea juu ya meli utadhani amezaliwa humo.

Mengine nitakueleza taratibu. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujashika simu. Ndiyo maana nimeamua kutumia kalamu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ukinikatiza hufyata mkia, unanijua. Barua ataileta mama mmoja wa chumba cha jirani, anayekatisha safari na kurudi kwa ndege kwa sababu binti yake amejifungua mapema. Mkaribishe hata maji ya kunywa, ametutendea wema.

Kwanza nikushukuru. Zawadi hii ya safari ya meli, ya kumpongeza Mama kwa kustaafu, tulichanga wote, lakini wazo lilikuwa lako, na mahangaiko ya tiketi yalikuwa yako. Chumba chetu ni chembamba, vitanda viwili na katikati nafasi ya kupita mtu mmoja aliyevuta tumbo ndani. Mama amekisifu kwa sababu ya droo. Anasema aliyeziunda hakuwa mvivu, kila kitu kina mahali pake. Alipanga nguo zake siku ya kwanza, na siku ya pili akazipanga tena.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unakumbuka ulivyotuonya tusinunue kifurushi cha vinywaji. Ulisema ni wizi wa kistaarabu, mtu analipia leo kiu ambayo hajaipata. Mama akakujibu kwamba ajabu ya dunia ni kumsikia wakala wa bima akiwakataza watu kulipia mapema jambo ambalo huenda lisitokee. Tulicheka mpaka wifi akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Nikakuahidi sitanunua.

Tulipopanda, dada wa kaunta, aliyefunga tai kuliko mwanasheria, alitueleza habari yote. Chakula, maji na chai ya kujichotea vimo ndani ya nauli. Lakini ukikaa kwenye ukumbi wa mbele ukaletewa kahawa, juisi au kinywaji kingine mezani, kila kikombe kina risiti yake ya kutia sahihi. Mwenye kifurushi haoni risiti. Anaonyesha kadi anapoketi, basi, anaagiza mpaka achoke. Tena wanaolala chumba kimoja lazima wanunue wote wawili, hakuna mmoja kunywa kwa kadi ya mwenzake. Nikasema asante, hapana. Mama hakubisha. Aliuliza swali moja tu, kama mwenye kifurushi kweli haletewi karatasi yoyote. Dada akasema hata moja. Mama akauliza, “Hata moja?” Nikadhani anapenda tu kuzungumza na watu.

Siku ya pili nilimwacha ukumbini, penye madirisha makubwa, nikaenda chumbani kumchukulia shali. Niliporudi nilimkuta amesimama, sauti iko juu, na mbele yake mhudumu mmoja mwembamba mrefu ambaye moyoni nilikuwa nimeshampa jina la Mlingoti. Mezani palikuwa na kahawa mbili na glasi ya juisi. Mlingoti alinieleza kwa upole kwamba Mama ameagiza kahawa, akatia sahihi, akaagiza kahawa nyingine, kisha juisi. Mama akasema hajaagiza kahawa hata ya dawa, na kwamba kijana huyu anawabambikia wazee vikombe. Mlingoti akaonyesha risiti. Mama akaitazama, akasema hiyo sahihi si yake.

Kaka, ningemwamini nani? Huyu ni Mama wa Swichi, mwanamke aliyekaa kwenye kibao cha simu cha hospitali kuu mpaka kustaafu, namba za madaktari wote kichwani. Huyu ndiye aliyekuwa akikumbuka ni zamu ya nani kuosha vyombo hata tukiapa kwa machozi. Nilimgeukia yule kijana, nikamwambia mbele za watu kwamba ameona mvi akadhani ameona mjinga. Sikuishia hapo. Nilikwenda kwa msimamizi wao, nikamweleza yote kwa ukali. Akaomba radhi, akafuta zile kahawa, na kufikia jioni Mlingoti alikuwa ameondolewa ukumbini na kupelekwa chini kuosha glasi. Nilijiona simba.

Tangu hapo Mama hakuwa na wimbo mwingine ila kifurushi. Nikimwambia hatunywi pombe, na kwamba ili tusipate hasara itabidi tunywe juisi mpaka tuelee bila meli, hacheki. Alinishika mkono akaniambia, “Mwanangu, miaka yangu yote nimeuliza bei kwanza, kiu baadaye. Nipumzishe na makaratasi.” Nilishindwa. Nilinunua, cha kwake na changu, kwa zile fedha ulizotupa za kutembea mijini. Ndiyo maana hutaona picha zetu tukiwa sokoni wala makumbusho. Miji yote tumeiona kutoka kwenye ukingo wa sitaha, nikimwonyesha kwa kidole.

Nikwambie ukweli, mwanzoni nilifurahi. Mama alichanua. Aliketi ukumbini kama mwenye meli, kadi shingoni, akiagiza na kutania wahudumu, naye anapendwa. Kisha nikaanza kuona mambo. Chai inapoa mbele yake, anaagiza chai. Anaisogeza kahawa yake pembeni na kuuliza ni nani asiyejua kuondoa vikombe. Ananiuliza kama umepiga simu, namjibu, hazipiti dakika mbili, ananiuliza kama umepiga simu. Nikajiambia ni bahari. Nikajiambia ni uchovu. Kazi yangu ni kumfundisha mtu kuendesha gari, nalipwa ili nione kosa kabla halijatokea, lakini kwa mama yangu nilikuwa nimefumba macho na mguu uko kwenye mafuta.

Hadi juzi asubuhi. Tulikula mayai na mkate, tukanywa chai, mhudumu akaja akaondoa sahani. Hajafika mbali, Mama akamwita, akamuuliza kwa adabu yake yote mbona leo kifungua kinywa chetu kinachelewa. Yule mhudumu alinitazama mimi. Alikwenda akarudi na mayai mengine na mkate mwingine, akaweka mbele yake taratibu. Mama akashika uma. Akaitazama ile sahani, akanitazama usoni, na sijui aliona nini, kwa sababu aliuweka uma chini na kuniomba twende chumbani.

Aliketi kitandani kwake, mimi kwangu, magoti yetu yakigusana. Akaniuliza, “Nilikuwa nimeshakula, sivyo?” Nikasema ndiyo, Mama. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa jibu alilokuwa nalo tayari.

Kaka, kaa chini kama umesimama. Akanieleza kwamba hali hii ilimwanza kabla ya safari, muda mrefu kabla. Alianza kwa kuunguza sufuria, jambo ambalo hata wewe ulimtania. Kisha siku moja alifungua gesi, akaenda kutafuta kiberiti, akajikuta uani anaanua nguo, na jirani ndiye aliyesikia harufu. Siku nyingine alitoka dukani akasimama barabarani hajui nyumba yake iko upande gani. Alimuuliza njia yule fundi viatu wa pale kwenye kona, na fundi alipocheka naye akacheka, ili ionekane ni utani. Alikwenda hospitali peke yake, siyo ile aliyofanyia kazi, ili asijulikane. Daktari akampima, akamtajia jina la ugonjwa, akamwambia huwa unakwenda polepole lakini haurudi nyuma, na akamwomba arudi na mmoja wa watoto wake. Hakurudi.

Nilimuuliza kwa nini, nikilia kama mtoto. Yeye hakulia. Akasema, “Mficha maradhi,” akaishia hapo, na sikujua kama ameusahau mwisho wake au ameuogopa. Kisha akaniambia kwamba wiki ileile aliyotoka kwa daktari, wewe ulifika kwake na habari yako. Mmepata mkataba wa kazi ng'ambo, wewe na wifi, na Bonge atabaki na bibi yake mpaka mtakapotulia. Anasema ulicheza ukiwa umevaa viatu jikoni kwake, ukamnyanyua. Alishindwa kukuharibia siku ile, akasema ataiharibu kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Akajipa moyo kwamba labda akipumzika baharini kichwa kitatulia.

Nikamuuliza kuhusu kifurushi. Haya ni maneno yake, sikuongeza wala kupunguza: “Nilitaka niwe mahali ambapo nikiagiza mara mbili hakuna wa kuniletea ushahidi.”

Halafu akasema lililonikata maini. Ile sahihi aliitambua. Alipoiona tu alijua ni mkono wake, akaogopa, na kwa hofu akamtwisha mtoto wa watu. Akataka tumtafute siku hiyohiyo, kabla hajasahau kwamba anamtafuta.

Tulimkuta chini kabisa, kwenye kijichumba cha mvuke, anapangusa glasi, shati limemganda mgongoni. Mama alitangulia. Alimwambia, “Mwanangu, siku ile wewe ulisema kweli. Niliyeagiza ni mimi. Nina ugonjwa wa kusahau, nikaona haya.” Ndiyo mara ya kwanza nilisikia akiutaja mbele ya mtu wa nje, na alimchagua yule. Mlingoti aliweka kitambaa chini, akapokea mkono wake kwa mikono miwili. Akasema anashukuru mama amefika mpaka huku, wageni hawashuki. Kisha akanitazama, akaniambia bila hasira, “Lakini dada, aliyenishtaki ni wewe.” Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nikamwomba radhi, nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi kuyarudisha maneno yangu. Alinisikiliza akitabasamu, akasema zamu zimeshapangwa hadi mwisho wa safari, wataangalia. Nimekwenda tena jana. Bado wanaangalia. Kila ninapopita ukumbini namtafuta kwa macho simwoni, na hilo nalo linanikosesha raha.

Najua utauliza kama kifurushi kimetufaa. Kwa hesabu yako, ulikuwa sahihi, tumeumia. Lakini kama kisingekuwepo, Mama angeendelea kugombana na wahudumu na mimi ningeendelea kumtetea, tungerudi nyumbani na ushujaa wangu, na wewe ungepanda ndege yako na kumwachia mtoto.

Hapo ndipo penye uzito, kaka, na sina namna ya kupalainisha. Bonge hawezi kubaki na Mama. Hata kwa mwezi, hata kwa kuajiri msichana wa kusaidia. Hili si langu, ni lake. Alisema nikuambie kwamba kila anapomfikiria mjukuu wake anaona ile gesi na lile geti la mbele lisilofungika vizuri. Alisema ni afadhali umkasirikie kuliko umlilie mtoto. Najua mmeshatoa taarifa kazini. Najua wifi ameshaanza kufungasha. Naandika nikijua ninachokiangusha.

Mimi nitahamia kwa Mama tukirudi. Hilo shauri nimeshalikata, usinibishie. Lakini wanafunzi wangu wa udereva wanaanza alfajiri, na Mama na mtoto wa kutambaa chini ya paa moja sitawaweza. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya, na katika familia hii tumeshaonja udanganyifu wa upendo unavyotaka kuua. Kama mtakwenda naye, kama wifi atabaki, kama mtaukataa mkataba, shaurianeni. Sitamlaumu yeyote kati yenu. Ila fanyeni uamuzi mkijua, kama daktari alivyotaka tujue.

Njoo utupokee bandarini wewe mwenyewe, usitume dereva. Ukimwona, usimpime kwa maswali ya nani ni nani. Mkumbatie kwanza. Machozi yako yamalizie kwenye gari kabla hatujashuka, mimi yangu nimeshayamalizia huku.

Msalimie sana wifi, na umwambie simchukulii poa, najua pigo hili ni lake kama lilivyo lako. Bonge mbusu mashavu yote mawili kwa niaba ya shangazi yake. Wasalimie na majirani, ila haya ya Mama yabaki kwetu mpaka mwenyewe atakapotaka.

Mama yuko hapa kitandani kwake, miguu ameifunika kwa shali, ananitazama. Ameniuliza naandika nini. Nimemwambia namwandikia kaka. Amesema nikusalimie, na nisisahau kukueleza habari ya mtoto. Nimemwambia nimeshakueleza. Amesema vizuri, na sasa ameniuliza naandika nini.

Wako akupendaye siku zote,
Mdogo wako