Wanaume wa Karatasini

Tura, 12 Septemba 1948

Kaka yangu Kasimiri,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, na kile kidole ulichochomwa na mkonge kimepona. Sisi tu wazima. Nimejifungua mtoto wa kike, tumemwita Apolinaria. Ana masikio makubwa kama yako, usinune.

Kaka, nakuandikia nina hasira, ndiyo maana mwandiko umelala. Mwezi uliopita serikali ilihesabu watu. Jumapili iliyopita mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, akatusomea hesabu ya kijiji: wanawake mia mbili na kumi, wanaume mia moja na thelathini. Wanaume wakacheka mpaka wakapigana makofi mgongoni. Mzee Masele akasema basi kila mmoja aongeze mke, maana wanawake wamejaa kama viazi vya mavuno. Baba mkwe wangu, Mzee Lugembe, akanitazama, akasema mume wangu Modest akirudi atamtafutia wa pili, wa kumzalia wa kiume. Na mimi nipo pale pale, mtoto kifuani! Nikasimama. Nikawaambia kwamba sisi wanawake hatujazidi hata mmoja, ni sisi wale wale waliozaliwa nasi. Waliopungua ni wanaume, treni imewabeba, basi wakahesabu kwanza mikeka mitupu majumbani mwao. Nikaambiwa nikae, mtoto analia. Hakuwa analia.

Na hata hiyo mia na thelathini ni uongo, maana si nyumba moja iliyowataja wasiokuwapo. Siku ya kuhesabiwa alikuja karani, Bwana Elieza, mwalimu wa kanisa la Kimoraviani kutoka Sikonge, na baiskeli yake na chaki ya kuandikia milangoni. Akauliza ni nani waliolala humu jana. Mzee Lugembe akajitaja yeye, mama mkwe, mimi, na Modest. Modest, aliyepanda treni nikiwa na mimba ya miezi mitatu! Mzee hataki ijulikane kwamba nyumba yake haina kijana. Mtoto wangu hakumtaja. Nilipomkumbusha kutoka ndani, akajibu kwamba kitovu hakijaanguka, huyo bado mgeni, na mgeni haandikwi. Siku nne, kaka, ananyonya mpaka ananiumiza, naye hayupo. Baba yake aliye Tanga ndiye yupo!

Karani akaandika namba yake mlangoni, akaenda. Nilivumilia kidogo tu. Nikamfunga mtoto kwa kanga, nikatoka naye juani kabla ya siku zake, mama mkwe akipiga kelele nyuma yangu. Karani nikamkuta uwanjani kwa mama yetu.

Hapa ndipo ninapokuomba msamaha. Mama alikuwa anamwambia kwamba wewe umo ndani, umelala, una homa. Alisema kwa sauti ya chini, kaka, asije akakuamsha. Mlangoni alikuwa ameweka viatu vyako vya zamani, amevipaka mafuta. Miaka sita tangu uondoke! Nami kwa hasira yangu nikasema mbele yake kwamba ndani hamna mtu, Kasimiri yuko Tanga na Modest yuko Tanga, awafute wote wawili, amwandike huyu. Nikamfunua mtoto. Bwana Elieza akamtazama mama, akavitazama viatu. Akakupiga mstari wewe, akarudi ukurasa wa nyuma akampiga Modest. Kisha akaniuliza jina la mtoto, nami nikamtajia herufi moja moja.

Tangu siku hiyo mama hasemi nami. Viatu amevirudisha ndani. Kwa ajili ya mtoto sijuti. Kwa ajili ya mama najuta kila nikichota maji na kumpita njiani.

Mwambie Modest mkataba ukiisha asitie dole gumba kwenye mwingine, nawe vile vile. Mpwa wako ameandikwa Tura. Ninyi hampo. Njooni mniumbue mbele ya mama, aseme mwenyewe kwamba umo ndani, na iwe kweli.

Wasalimu wa nyumbani wote mlio nao huko.

Ni mimi mdogo wako,
Bernadeta